Buibui na Opilio: Historia ya Majina Yaliyochanganywa

Mtunga kamusi afikapo kwenye majina ya wanyama wakubwa, kazi yake huwa nyepesi. Simba hachanganywi na chui, wala ng'ombe hachanganywi na nyati. Kila mzungumzaji anawajua, na maelezo mafupi yatosha. Taabu huanza afikapo kwenye viumbe wadogo, wale ambao mtu huwaona ukutani au chini ya jani bila kujishughulisha kuwatazama vizuri. Hapo lugha huwakusanya wengi chini ya jina moja, na jina hilo likishazoewa vinywani huwa gumu kuondoka, hata baada ya macho kuona kwamba waliokusanywa si wa namna moja.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo moja la aina hiyo, yaani jinsi wataalamu wa Ulaya walivyomtenga buibui na mnyama mwingine anayefanana naye kwa wingi na urefu wa miguu, ambaye katika elimu ya wanyama huitwa opilio. Kazi hiyo ilichukua karne nyingi, na katika lugha za kila siku za Ulaya haijamalizika hata leo. Huenda msomaji akauliza, historia hiyo yatuhusu nini sisi tunaoshughulika na Kiswahili? Yatuhusu kwa sababu tunatafsiri vitabu vya elimu, na tunaandika kamusi zitakazosomwa shuleni. Atafsiriye jina bila kujua historia yake hulichukua pamoja na kosa lililomo ndani yake.

Kwanza yafaa tuwafahamu viumbe wenyewe. Katika nyumba nyingi za pwani, kwenye pembe ya dari au nyuma ya kabati, hukaa mnyama mwenye kiwiliwili kidogo na miguu mirefu myembamba kama nyuzi. Huning'inia kichwa chini katika utando uliotandwa ovyo ovyo, na ukimgusa hujitikisa kwa kasi hata jicho lisiweze kumwona sawasawa. Jike lake huyabeba mayai kwa vipande vya mdomo wake, yakiwa yamefungwa pamoja kwa nyuzi chache tu. Huyu ni wa jamaa iitwayo Pholcidae. Baadhi yao ni wa jenasi ya Smeringopus, ambayo asili yake ni Afrika, na spishi yake moja, Smeringopus pallidus, imefuatana na makazi ya watu hata ikaenea katika nchi nyingi za joto. Mnyama huyu, pamoja na urefu wote wa miguu yake, ni buibui kwa kila hali.

Wa pili hapendi nyumba. Makao yake ni mahali penye unyevu, na katika nchi yetu hupatikana hasa katika misitu ya milimani kama ile ya Usambara, Uluguru na Udzungwa, chini ya magogo yaliyooza na katikati ya majani yaliyoanguka. Baadhi ya spishi za misitu hiyo hazipatikani kwingine duniani. Kiwiliwili chake ni kama punje, mviringo na bila kiuno. Si opilio wote walio na miguu mirefu, lakini wale walio nayo hutembea wakipapasa njia kwa jozi ya pili ya miguu, ambayo kwa kawaida ndiyo ndefu kuliko zote, mfano wa kipofu na fimbo yake. Wengi wao wakikamatwa mguu huuacha wakakimbia, na mguu ulioachwa huendelea kutikisika kwa muda mbele ya adui. Huyu hatandi utando, kwa kuwa hana uzi wa kutandia.

Basi tofauti zao zimo katika mwili mzima, ila si katika miguu. Buibui ana mwili wa sehemu mbili: kichwa na kifua vilivyoungana, kisha tumbo, na kati yake kiuno chembamba sana. Opilio hana kiuno hicho. Sehemu zake zimeungana kwa upana, hata mtazamaji huona kama mwili ni kitu kimoja. Buibui wengi wana macho manane, na wachache wana sita au pungufu. Opilio kwa kawaida huonekana na macho mawili tu, nayo yamewekwa juu ya kinundu katikati ya mgongo, moja likitazama kulia na jingine kushoto. Buibui wote wana vinundu vya kutolea uzi tumboni; opilio hana. Karibu buibui wote wana tezi za sumu; opilio hana sumu ya kuuma, bali ana tezi mbili zitoazo majimaji yenye harufu ya kumchukiza adui. Buibui humlainisha mnyama aliyemkamata kwa majimaji yake, kisha akamfyonza. Opilio hutafuna vipande vya chakula na kuvimeza. Hata katika kupandana wanapitana: buibui dume huipitisha mbegu kwa vijikono vilivyo karibu na mdomo, ilhali opilio dume ana kiungo maalumu cha kazi hiyo.

Kwa mtu anayetaka kuwatambua bila vyombo vya kitaalamu, maswali matatu yatosha. Je, ana kiuno? Je, yumo katika utando, au ana uzi wowote? Je, macho yake yako mbele ya kichwa, au yamepandishwa juu ya kinundu mgongoni? Swali la miguu halimo, na kutokuwamo kwake ndiko kiini cha historia tunayoieleza.

Wayunani wa kale walikuwa na majina mawili ambayo yote yameingia katika habari hii. La kwanza ni arakhne, yaani buibui, jina ambalo katika hekaya zao lilikuwa pia la msichana mfumaji aliyegeuzwa buibui kwa kushindana na mungu wa kike katika ufundi wa kufuma. La pili ni phalangion, nalo lilikuwa jina la buibui aumaye kwa sumu. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwataja phalangia miongoni mwa buibui wanaouma, na Xenophon naye alimsimulia Socrates akitumia uchungu wa kuumwa na phalangion kama mfano katika maonyo yake kwa vijana. Yafaa jambo hili likumbukwe: kwa Myunani, phalangion lilikuwa jina la kuogofya. Aristotle aliwaweka buibui wote pamoja na viumbe wasio na damu ambao miili yao imekatikakatika, nao aliwaita entoma. Neno hilo ndilo Warumi walilolifasiri kwa Kilatini kuwa insecta, na maana yake ni "waliokatwa". Katika fungu hilo waliingia nyuki, nge, buibui na tandu, kama vile katika maneno yetu ya kila siku wote hao huitwa wadudu.

Karne nyingi zilipita kabla hajatokea mtu wa kumtazama mnyama wa pili kwa makini. Mtu huyo alikuwa Robert Hooke, Mwingereza, aliyetoa kitabu chake cha Micrographia huko London mwaka 1665. Katika kitabu hicho alieleza na kuchora vitu alivyoviona kwa hadubini: kiroboto, chawa, mwiba wa nyuki na vinginevyo. Mmoja wa viumbe hao ni yule ambaye watu wa nchi yake walimwita buibui wa mchungaji. Hooke alisema kwamba mnyama huyu ana mambo mawili yasiyo ya kawaida. La pili lilikuwa urefu wa miguu, ambao kila mtu aliuona. Lakini la kwanza lilikuwa geni: alikuwa na macho mawili tu, tofauti na buibui wengi, nayo yalikuwa juu ya kijilima mgongoni. Alipoutazama mwili wake, aliulinganisha na wa kaa. Kwa hiyo mwaka ule wa 1665 tofauti ilikwisha kuonekana na kuandikwa. Hata hivyo Hooke hakulibadili jina. Aliona kitu kipya, akaendelea kukiita buibui kama walivyokiita wachungaji.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1678, daktari Martin Lister alitoa kwa Kilatini kitabu juu ya wanyama wa Uingereza, na sehemu yake moja ilihusu buibui. Lister alikuwa mtazamaji hodari. Aliwafuatilia buibui mashambani, akaandika namna ya utando wa kila mmoja na majira ya mayai yake. Alipotaka kuwapanga, alitumia macho kuwa alama ya kwanza, akapata mafungu mawili: buibui wa macho manane na buibui wa macho mawili. Fungu la pili ni hawa tunaowaita opilio. Hapa twaona hatua ya pili: tofauti si ajabu tena ya mnyama mmoja, bali imekuwa mpaka wa kugawa jamii. Lakini pande zote mbili za mpaka huo bado zinaitwa kwa jina moja la Kilatini, araneus. Alama ilikuwa sahihi, mafungu yalikuwa sahihi, na jina peke yake ndilo lililobaki nyuma.

Karne iliyofuata ilikuwa ya Wasweden. Mwaka 1757 Carl Clerck alitoa kitabu chake juu ya buibui wa Sweden, akaeleza zaidi ya spishi 60, kila moja kwa jina la maneno mawili. Kazi yake ina heshima ya pekee katika elimu ya wanyama, kwa kuwa hata leo kanuni za kimataifa za majina huyatanguliza majina ya Clerck mbele ya majina ya mwalimu mkuu mwenyewe, Carl Linnaeus, ambaye toleo la kumi la kitabu chake, Systema Naturae, lilitoka mwaka 1758. Linnaeus ndiye aliyewatenga hao wawili kwa majina. Buibui aliwaweka katika jenasi ya Aranea, na wenzao wa macho mawili katika jenasi ya Phalangium. Yule aliyejulikana zaidi Ulaya alimpa jina la Phalangium opilio, na neno opilio kwa Kilatini ni mchungaji wa kondoo. Kwa hiyo jina la wachungaji waliloliandika Waingereza likaingia katika Kilatini cha wataalamu.

Lakini mambo mawili yalikwenda kombo hapo. Kwanza, phalangion ya Wayunani ilikuwa buibui wa sumu, na sasa jina lake limevikwa mnyama asiye na sumu hata tone moja. Mtu asomaye vitabu vya kale pamoja na vya sasa bila kulijua jambo hili atadhani Wayunani walimwogopa kiumbe asiyeweza kuwadhuru. Pili, Linnaeus aliwatia katika Phalangium wanyama wengine ambao leo twajua kuwa wa mbali kabisa, wakiwamo mmoja mwenye mkia mfano wa mjeledi na mwingine mpana na bapa mwenye miguu ya mbele mirefu kama nyuzi. Kisha jenasi zote hizi aliziweka katika fungu la wadudu wasio na mabawa, pamoja na nge, chawa, viroboto, tandu, jongoo na hata kaa. Alivunja ukuta mmoja wa kale, akaacha kuta nyingine zikisimama.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa mchanganyiko huu umo katika jina la buibui wa nyumbani tuliyemtaja mwanzo. Mwaka 1775 Mswisi Johann Kaspar Füssli aliandika orodha ya wadudu wa nchi yake, na humo alimweleza buibui wa miguu mirefu kwa jina la Aranea phalangioides, yaani buibui mfano wa Phalangium. Mwaka 1805 Mfaransa Charles Walckenaer alimpa jenasi yake mwenyewe, Pholcus, na tangu hapo huitwa Pholcus phalangioides. Hakuna jina lionyeshalo hali ya mambo wazi kuliko hili. Mtoa jina alijua kwamba anayemtazama ni buibui, akasema hivyo katika neno la kwanza. Akajua pia kwamba watu watamdhania kuwa mwingine, akawaonya katika neno la pili. Mfanano umetajwa kuwa ni mfanano tu, wala haukufanywa kuwa udugu. Naona hicho ni kielelezo chema kwa kila mtunzi wa istilahi.

Hatua mbili zilibaki. Mwaka 1801 Jean-Baptiste de Lamarck aliwatoa buibui na jamaa zao katika wadudu, akawafanyia ngeli yao wenyewe, Arachnides, kwa jina la yule mfumaji wa Kiyunani. Tangu hapo, kwa wataalamu, mwenye miguu minane si mdudu. Mwaka 1833 Msweden mwingine, Carl Sundevall, aliwapa jamaa wa Phalangium oda yao kamili ndani ya ngeli hiyo, akaiita Opiliones, yaani wachungaji. Toka kitabu cha Hooke hadi cha Sundevall ni miaka 168. Jicho lilitangulia na jina likafuata polepole.

Nje ya vitabu vya wataalamu jina halijafika hadi leo. Waingereza wana msemo mmoja wenye maana ya baba wa miguu mirefu, nao wanautumia kwa wanyama watatu kwa kadiri ya mahali: opilio, buibui wa jamaa ya Pholcidae, na mdudu mmoja mwenye mabawa mfano wa mbu mkubwa. Jina lao jingine la opilio lina maana ya mvunaji, na Wafaransa nao humwita mkata majani kwa fyekeo. Wajerumani wamekwenda mbali zaidi, kwani humwita mtumishi wa mfumaji, ilhali ndiye asiyeweza kufuma hata uzi mmoja.

Ubaya wa jina lenye wenyewe watatu waonekana katika uvumi ulioenea Marekani na Australia kwamba baba huyo wa miguu mirefu ana sumu kali kupita buibui wote, ila meno yake ni mafupi hayawezi kupenya ngozi ya mtu. Anayesikia maneno hayo hajui yanamhusu yupi. Yakimhusu opilio ni uongo mtupu, maana hana sumu. Yakimhusu Pholcus, sumu anayo, kama walivyo nayo karibu buibui wote, lakini hakuna ushahidi kwamba ni ya hatari kwa binadamu. Uvumi huishi katika nafasi iliyo kati ya viumbe wawili wenye jina moja. Ukimwuliza msemaji amwonyeshe mnyama wake, uvumi hauna pa kusimama.

Elimu ya siku hizi imeukuza umbali kati ya wanyama hawa. Mwaka 2003 ulitangazwa uchunguzi wa mabaki ya opilio yaliyogeuka jiwe huko Rhynie, Scotland, yenye umri wa miaka milioni 400 na zaidi, nao walikuwa tayari na viungo vya uzazi na mirija ya kuvutia hewa kama walivyo wazao wao. Mwaka 2017 wachunguzi walioilinganisha jenomu ya buibui mmoja wa majumbani na ya nge waligundua kwamba wote wawili wanatokana na mhenga ambaye jenomu yake nzima iliwahi kurudufika. Jenomu ya Phalangium opilio ilipochapishwa mwaka 2021, haikuonekana na alama ya kurudufika huko. Maana yake ni kwamba nge, mwenye mkia na makoleo, asiyefanana na buibui machoni mwa mtu yeyote, yu karibu na buibui kwa nasaba kuliko huyu ambaye watu wamemwita buibui kwa karne nyingi. Wachunguzi hao wa 2021 walipozizuia jeni fulani zisifanye kazi, baadhi ya miguu ilitokea mifupi na kuchukua umbo la vijikono vya mdomoni. Hata urefu uliowadanganya watu, basi, waweza kuondoka kwa kuzuiwa jeni chache. Tena mwaka 2024 ilielezwa kwamba, mbali na macho mawili ya Hooke, opilio huyo ana mabaki ya macho mengine yaliyodumaa yasiyoonekana kwa nje. Alama ya Hooke yafaa bado kwa kumtambua mnyama shambani. Iliyokwisha ni dhana kwamba wahenga wake nao walikuwa na macho mawili tu.

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Lugha yetu haina upungufu wa majina katika ngeli hii ya wanyama. Ina nge, ina kupe, ina papasi aletaye homa, ina utitiri wa kuku, na ina buibui. Kila jina lina mahali pake, na hakuna mzungumzaji amchanganyaye papasi na buibui. Kamusi za lugha mbili zimelitia jina la buibui tangu zamani, na ile ya Frederick Johnson ya 1939 inalo pamoja na maana yake ya pili, vazi jeusi la wanawake wa pwani. Lakini kamusi ya lugha mbili haimlazimishi mtungaji kusema mnyama huyu ni nini. Huweka neno la Kiingereza mbele ya la Kiswahili, na utata wa huko ukawa utata wa huku. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, kama ile ya Johnson ya 1935 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, ndiyo imlazimishayo mtu kujibu swali.

Tukiyatazama matumizi ya Waswahili wenyewe, twaona kwamba alama yao ya kumjulia buibui si miguu. Ni utando. Neno tandabui lenyewe laushuhudia uhusiano huo. Waislamu wa pwani wamelisikia jambo hilo tangu chuoni, kwani sura ya 29 ya Kurani ina jina la buibui, na mfano uliomo humo ni wa nyumba yake iliyo dhaifu kuliko nyumba zote. Katika masimulizi ya Hijra ya mwaka 622 pia, buibui anakumbukwa kwa utando alioutanda mlangoni mwa pango. Kwa kuwa uwezo wa kutoa uzi kutoka vinundu vya tumboni ni alama ya buibui wote, hata wale wasiotanda utando wa kuwindia, mazoea ya lugha yameshika alama iliyo sahihi, ilhali lugha za Ulaya zilipotezwa na miguu. Mama wa Mombasa au Unguja asemaye kwamba yule wa miguu mirefu darini ni buibui hakukosea. Atakayekosea ni mwalimu aliyesoma katika kitabu cha kigeni kwamba baba wa miguu mirefu si buibui, kisha akaja kuwasahihisha wanafunzi wake kwa kuwaonyesha mnyama wa darini.

Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu mbele ya watunzi wa istilahi.

La kwanza, maelezo ya neno buibui yataje kiuno na uzi kabla ya miguu. Kusema "mwenye miguu minane" ni kweli, lakini kunawaingiza nge, kupe na opilio pia. Vilevile, katika vitabu vya elimu, ambamo neno mdudu limekwisha kufungwa kwa wenye miguu sita, buibui asielezwe kuwa mdudu. Katika mazungumzo neno mdudu libaki na upana wake. Hakuna haja ya kuwagombeza watu kwa neno ambalo hata Aristotle na Linnaeus walilitumia kwa upana huo huo.

La pili, opilio asiitwe buibui wa namna yoyote, si buibui mvunaji wala buibui mchungaji. Majina hayo yangekuwa tafsiri ya mashamba na malisho ya Ulaya, nayo yangelirudisha kosa la Lister katika Kiswahili baada ya miaka zaidi ya 300. Pholcus ndiye anayestahili kuitwa buibui miguu-mirefu, kwa kuwa neno la kwanza ni la kweli na la pili ni sifa yake.

La tatu, kabla ya kuunda jina la opilio, waulizwe wanaoishi naye. Pwani haikuwa na sababu ya kumpa jina mnyama ambaye makao yake ni misitu ya milimani. Lakini Wasambaa, Waluguru na Wahehe wamekata kuni na kuchuma dawa katika misitu hiyo kwa vizazi vingi, na kuuliza si ujinga. Mwenye kwenda kuuliza asiende na mchoro wa miguu peke yake. Achukue mnyama mwenyewe katika chupa, na buibui wa darini katika chupa ya pili, awaweke pamoja mbele ya wazee. Wakiwaita kwa jina moja, tutajua kwamba lugha zao hazikuwatenganisha, wala hiyo si aibu. Wakiwa na majina mawili, tutakuwa tumepata neno la Kibantu lililokuwapo kabla ya hadubini ya Hooke, na hilo ndilo litakalofaa kuingia katika kamusi. Hadi siku hiyo neno opilio latosha: lina irabu mwishoni, linatamkika, na linapokea upatanisho wa viumbe hai bila taabu, opilio huyu, opilio hawa.